Waamuzi Wapya wa Mpira wa Kikapu Wanahitaji Malezi, Si Cheti Pekee

Kila mwaka mashindano ya UMISSETA huwakutanisha wanafunzi wa shule za sekondari kutoka mikoa mbalimbali ya Tanzania, na mpira wa kikapu ni miongoni mwa michezo inayofuatiliwa kwa shauku. Nje ya shule, Ligi ya Mpira wa Kikapu Mkoa wa Dar es Salaam (BDL) imejijengea mashabiki wa kudumu wanaofika katika viwanja kama vile vya Don Bosco kushuhudia ushindani wa klabu zao. Katika ngazi ya bara, Ligi ya Mpira wa Kikapu Afrika (BAL), ambayo msimu wake wa kwanza ulifanyika Kigali nchini Rwanda mwaka 2021, imewapa vijana wa ukanda huu sababu mpya ya kuuona mchezo huo kuwa ni kazi na si burudani pekee.

Ukuaji huo una sharti ambalo halizungumzwi mara kwa mara. Kila mchezo unaoongezwa kwenye ratiba unahitaji waamuzi wasiopungua wawili uwanjani pamoja na maofisa wa meza. Timu inaweza kuanza kwa kuwakusanya vijana wenye vipaji na kuwapa mpira mmoja, lakini mwamuzi hapatikani kwa namna hiyo. Ni lazima afundishwe, apangiwe michezo, akosee, arekebishwe na, zaidi ya yote, abaki.

Suala la kubaki ndilo kiini cha jambo hili. Changamoto kubwa ya mwamuzi mpya si kuyajua maandishi ya kanuni, kwa kuwa hayo yanasomeka. Changamoto ni kwamba mara anapokabidhiwa cheti na filimbi, hutarajiwa siku hiyo hiyo kuwa sawa na mtu aliyeifanya kazi hiyo kwa miaka kumi. Mchezaji chipukizi akikosa kikapu huambiwa atajifunza. Kocha mpya akifungwa huambiwa anajenga timu. Mwamuzi mpya akikosea huambiwa ameharibu mchezo.

Kazi iliyozaliwa pamoja na mchezo

Mpira wa kikapu ulibuniwa mwezi Desemba mwaka 1891 na mwalimu James Naismith katika mji wa Springfield, jimbo la Massachusetts nchini Marekani. Kanuni zake za mwanzo zilikuwa 13 tu, lakini tayari zilitaja waamuzi wawili wenye majukumu tofauti: mmoja wa kuwahukumu wachezaji na kuhesabu makosa yao, na mwingine wa kuuhukumu mpira, yaani kuamua lini umetoka nje, ni wa upande gani na lini kikapu kimefungwa. Kwa maneno mengine, mwanzilishi wa mchezo huo alitambua tangu awali kwamba kazi hiyo ni kubwa kuliko macho ya mtu mmoja.

Zaidi ya miaka 130 baadaye, kanuni hizo 13 zimekuwa kitabu kizima kinachosimamiwa na Shirikisho la Kimataifa la Mpira wa Kikapu (FIBA), lililoanzishwa mwaka 1932. Kitabu hicho hakikai bila kubadilika. Marekebisho ya mwaka 2017, ya mwaka 2022 na ya mwaka 2024 yote yalianza kutumika tarehe 1 Oktoba ya mwaka husika. Mwamuzi aliyehitimu kozi kabla ya tarehe hiyo na asipate semina ya kujikumbusha huingia uwanjani akiwa na kanuni zilizokwisha kupitwa na wakati, ingawa cheti chake bado ni halali.

Mfano ulio wazi ni kosa la kutembea na mpira. Marekebisho ya mwaka 2017 yalifafanua kuwa mchezaji anayeudaka mpira, au anayemaliza kuudunda, akiwa katika mwendo anaweza kupiga hatua mbili baada ya kuumiliki. Mguu ulio chini wakati anapoumiliki mpira hauhesabiwi, ndiyo maana wakufunzi huuita hatua sifuri. Mtazamaji aliyezoea hesabu ya zamani huona hatua tatu na kupiga kelele. Kocha huona hatua tatu na kunyanyua mikono. Mwamuzi mpya, ambaye mara nyingi aliwahi kuwa mchezaji na alijifunza hesabu hiyo hiyo ya zamani mtaani au shuleni, hulazimika katika sekunde moja kupingana na uwanja mzima na kupingana pia na mazoea yake mwenyewe.

Kujua kanuni na kuamua ni mambo mawili

Uamuzi unaowatesa waamuzi wapya kuliko mwingine wowote ni ule wa kugongana kwa mshambuliaji na mlinzi. Kanuni inasema mlinzi amechukua nafasi halali ya ulinzi anapomkabili mpinzani wake huku miguu yake yote miwili ikiwa chini. Dhidi ya mchezaji mwenye mpira, suala la muda na umbali halizingatiwi. Mlinzi anaweza kusimama mbele yake ghafla, mradi awahi kuifikia nafasi hiyo. Hata hivyo, mshambuliaji akisharuka, mlinzi hana tena ruhusa ya kuingia katika njia yake. Aidha, chini ya kila kikapu kumechorwa nusu duara yenye kipenyo cha nusu cha mita 1.25, ambayo ndani yake mlinzi hawezi kujipatia kosa la mshambuliaji aliyeruka kwa kusimama tu akisubiri kugongwa.

Maelezo hayo yanaeleweka vizuri darasani. Uwanjani, mambo yote hayo hutokea kwa pamoja na kwa muda mfupi kuliko unaohitajika kuyasoma. Chukua mfano wa mwamuzi anayesimamia mchezo wake wa tatu. Zimesalia sekunde 12, timu moja inaongoza kwa pointi moja, mshambuliaji anakatiza kuelekea kikapuni, miili inagongana na wote wawili wanaanguka. Mwamuzi alikuwa akiutazama mpira mkononi mwa mshambuliaji. Hakuiona miguu ya mlinzi, hivyo hajui kama ilikuwa imeshatua kabla ya mwenzake kuruka. Anapaswa kupuliza, na lolote atakalosema litakuwa la kubahatisha.

Kosa la mwamuzi huyo halikuanza wakati wa kugongana. Lilianza sekunde mbili kabla, alipochagua mahali pa kutazama. Ndiyo maana wakufunzi husisitiza kuwa mwamuzi amtazame mlinzi kwanza, aone tukio tangu linapoanza, linapokua hadi linapokwisha, na ndipo apulize. Anayepuliza mapema huadhibu mguso usio na athari. Anayesita kupita kiasi hupuliza baada ya mpira kuingia au kukosa, na watazamaji hudhani kuwa alikuwa akisubiri kuona matokeo ili aamue. Utulivu wa katikati ya hali hizo mbili haufundishwi kwa siku tano za kozi. Huja kwa michezo mingi, tena ile ambayo mtu mwenye uzoefu ameketi pembeni akiandika.

Jambo la pili ni mahali pa kusimama. Katika mfumo wa waamuzi wawili, mmoja hutangulia hadi mstari wa mwisho karibu na kikapu na mwingine hufuata nyuma ya shambulizi, na majukumu hayo hubadilishana kila mpira unapohamia upande wa pili. Kila mmoja ana eneo lake la kutazama. Waamuzi wapya huwa na tabia moja inayofanana: wote wawili huufuata mpira. Matokeo yake ni kwamba macho manne yanawatazama wachezaji wawili, huku wachezaji wanane waliobaki wakisukumana, wakishikana fulana na kupigana viwiko bila ya shahidi. Kisasi kinapotokea dakika tano baadaye, mwamuzi hushangaa kimetoka wapi.

Vilevile kuna suala la mwili. Mchezo una dakika 40 katika robo nne za dakika 10, uwanja una urefu wa mita 28, na timu hutakiwa kurusha mpira kikapuni ndani ya sekunde 24. Mwamuzi hana mchezaji wa akiba. Anayeanza kuchoka katika robo ya tatu huanza kuchelewa kufika kwenye nafasi yake, na anayeamua kutoka mbali huamua kwa kukisia. Ndiyo maana waamuzi wa kimataifa hupimwa utimamu wa mwili kwa mbio za mita 20 za kwenda na kurudi. Mwamuzi mpya anayetoka kazini saa kumi jioni na kufika uwanjani kwa daladala saa kumi na moja hana budi kujipangia mazoezi yake mwenyewe, mara nyingi bila ya mtu wa kumkumbusha.

Meza inayosahaulika

Watazamaji wengi huwaona waamuzi wawili wenye filimbi na kusahau meza iliyo kando ya uwanja. Hapo huketi mwandishi wa karatasi ya matokeo na msaidizi wake, mtunza muda na msimamizi wa saa ya sekunde 24. Wao ndio wanaojua kwamba mchezaji fulani amefikisha kosa la tano na anapaswa kutoka, au kwamba timu imefikisha kosa la tano katika robo na mpinzani wake sasa anastahili mitupo huru miwili. Mwamuzi anapopuliza kosa hunyanyua ngumi, husogea kuelekea mezani, huonyesha kwa vidole namba ya mchezaji, aina ya kosa na adhabu inayofuata. Akiruka hatua moja tu kati ya hizo, meza huandika kisichokuwepo.

Katika michezo mingi ya ngazi ya chini, nafasi hizo hujazwa na watu wa kujitolea. Saa ya mchezo huweza kuwa simu ya mkononi, na saa ya sekunde 24 hukosekana kabisa, hivyo hesabu hufanywa kwa sauti. Mwamuzi mpya hulazimika kuuongoza mchezo na wakati huo huo kuisaidia meza, jambo ambalo hata mkongwe hulifanya kwa shida.

Historia imeacha somo zito kuhusu hilo. Katika fainali ya Michezo ya Olimpiki ya Munich mwaka 1972, Marekani ilikuwa ikiongoza kwa pointi 50 dhidi ya 49 za Umoja wa Kisovieti, zikiwa zimesalia sekunde tatu. Kukatokea mvutano kuhusu mapumziko mafupi ambayo benchi la Kisovieti lilidai kuyaomba. Mchezo ukasimamishwa, na William Jones, aliyekuwa Katibu Mkuu wa FIBA, akaagiza sekunde tatu zirudishwe. Mpira ukarushwa wakati saa ikiwa bado inarekebishwa, king'ora kikalia, Wamarekani wakasherehekea, na kisha sekunde hizo tatu zikarudiwa kwa mara nyingine. Ndipo Aleksandr Belov akafunga kikapu kilichofanya matokeo kuwa 51 kwa 50. Mmoja wa waamuzi, Renato Righetto wa Brazil, alikataa kutia saini karatasi ya matokeo. Rufaa ya Marekani ilikataliwa kwa kura tatu dhidi ya mbili, na wachezaji wake hawakuzichukua medali zao za fedha.

Waamuzi wa usiku ule hawakuwa wageni wa kazi. Walikuwa miongoni mwa waliokubalika zaidi duniani. Kilichowashinda hakikuwa tafsiri ya kanuni bali mkanganyiko kati yao na meza, pamoja na sauti ya mkubwa aliyetoka jukwaani kuamua jambo lisilo lake. Ikiwa hayo yaliweza kuwapata waamuzi wa fainali ya Olimpiki, ni rahisi kutambua mzigo anaoubeba kijana anayechezesha fainali ya wilaya huku mfadhili wa mashindano, mwenye kiti cha mbele, akimwita kwa jina.

Benchi, jukwaa na sauti ya mwamuzi

Kanuni zinatoa mipaka iliyo wazi. Katika kila benchi, mtu mmoja tu kati ya kocha mkuu na msaidizi wake wa kwanza ndiye anayeruhusiwa kusimama wakati mchezo ukiendelea. Nahodha ndiye mwenye haki ya kumuuliza mwamuzi jambo kwa adabu, mpira ukiwa umekufa na saa imesimama. Anayevuka mipaka hiyo anaweza kupewa kosa la ufundi, ambalo adhabu yake ni mtupo huru mmoja kwa wapinzani, na mchezo huendelea kutoka ulipoishia.

Kwa mwamuzi mpya, silaha hiyo ina hatari ya pande mbili. Wapo wanaoogopa kuitumia. Humvumilia kocha katika robo ya kwanza, humvumilia katika robo ya pili, na inapofika robo ya nne wachezaji wote wamekwisha kujifunza kutoka kwa kocha wao kwamba mwamuzi huyo anaweza kufokewa. Wapo pia wanaoitumia kama ngao, ambao kila swali kwao ni dharau na kila mkono ulionyanyuliwa ni kosa la ufundi. Wote wawili wanasumbuliwa na jambo moja, nalo ni hofu.

Wazoefu hutumia njia ya tatu, ambayo ni maneno machache. Kocha anayeambiwa kwa sauti ya kawaida kwamba mlinzi alichelewa kufika hupata jibu, hata kama halipendi. Kocha anayegeuziwa mgongo hupata hasira. Lugha hiyo fupi, yenye heshima na isiyojitetea, haimo katika kitabu cha kanuni. Mwamuzi mpya huipata kwa kumsikiliza mwenzake mkongwe akizungumza na benchi, na asipopangwa na mkongwe huyo hatapata nafasi ya kumsikia.

Jukwaa nalo lina uzito wake. Kanuni zinataka pawe na nafasi tupu ya angalau mita mbili kuzunguka mistari ya uwanja. Katika viwanja vingi vya wazi vya mitaani na shuleni, watazamaji husimama mstarini kabisa. Mwamuzi husikia kila neno, na mengine humhusu yeye, kabila lake, umbo lake au familia yake. Jumatatu asubuhi hukutana na watu hao hao sokoni, shuleni au ofisini. Mwamuzi wa ligi kubwa huondoka uwanjani kwa gari lililoandaliwa. Wa ngazi ya chini huvuka umati huo huo akitafuta bodaboda.

Ikumbukwe kuwa mamlaka ya waamuzi huanza wanapofika uwanjani dakika 20 kabla ya mchezo, na huisha muda wa mchezo unapomalizika kwa uthibitisho wao. Saini ya mwamuzi mkuu kwenye karatasi ya matokeo ndiyo inayofunga mchezo. Baada ya saini hiyo, kikanuni, hana tena la kuamua. Lakini ni baada ya saini hiyo ndipo lawama hufika kwake, akiwa hana filimbi, hana mwenzake na mara nyingine hana hata chumba cha kubadilishia nguo.

Wanawake na vikwazo vyao

Kwa waamuzi wanawake, mzigo huo huongezeka. Wengi wao husikia hoja kwamba wachezeshe michezo ya wanawake pekee, ingawa kanuni ni zile zile na uwanja ni ule ule. Kinachobadilika ni ukubwa wa mpira, namba 7 kwa wanaume na namba 6 kwa wanawake. Ratiba za usiku huleta suala la usalama wa kurejea nyumbani, na ukosefu wa vyumba vya kubadilishia nguo huwagusa wao zaidi.

Hata hivyo, ipo mifano inayotia moyo. Sarah Gamal wa Misri alichezesha mpira wa kikapu wa wachezaji watatu kwa watatu katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo akiwa amevaa hijabu. FIBA ilibadili kanuni yake kuhusu vifuniko vya kichwa mwaka 2017, na mabadiliko hayo yakaufungua mchezo kwa wasichana wengi ambao awali walilazimika kuchagua kati ya mavazi yao na uwanja. Kwa nchi kama Tanzania, yenye wasichana wengi wa shule wanaovaa hijabu Bara na Zanzibar, mabadiliko hayo yana maana ya moja kwa moja.

Posho na uadilifu

Mwamuzi wa ngazi ya chini hulipwa posho, na kwa wengi posho hiyo huishia kwenye nauli, viatu na maji. Si sahihi kudhani kuwa fedha ndiyo inayowavuta vijana kwenye kazi hii, lakini kuchelewa kwa malipo hayo ni miongoni mwa mambo yanayowafanya waiache. Posho inayocheleweshwa, au inayotolewa na mwenyeji wa mchezo mwenyewe, huleta pia hatari nyingine: humfanya mwamuzi ajione ana deni kwa mtu ambaye timu yake anapaswa kuihukumu.

Mazingira ya mpira wa kikapu nchini ni madogo, na watu hufahamiana. Mwamuzi mpya mara nyingi ni mchezaji wa zamani wa klabu inayoshiriki ligi hiyo hiyo. Anaweza kuwa mwaminifu kabisa, lakini akipangwa kuchezesha klabu yake ya zamani, kila kosa atakalopuliza litasomwa kwa jicho hilo. Kumpanga mahali pengine si kumshuku, ni kumkinga.

Ukuaji wa michezo ya kubahatisha, ambayo nchini husimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania, umeongeza umuhimu wa kinga hiyo. Mwaka 2007, Tim Donaghy, aliyekuwa mwamuzi wa Ligi ya NBA ya Marekani, alikiri mahakamani makosa yaliyohusiana na kamari katika michezo ya ligi hiyo, na baadaye alihukumiwa kifungo cha miezi 15. Doa hilo lilitokea katika ligi tajiri kuliko zote, yenye waamuzi wanaolipwa vizuri. Somo la uadilifu, kwa hiyo, linapaswa kutolewa siku ya kwanza ya kozi, kabla ya ishara za mikono.

Malezi yanavyoweza kufanyika

Msingi wa kisheria na kisera upo. Baraza la Michezo la Taifa (BMT) liliundwa kwa Sheria Namba 12 ya mwaka 1967, na nchi imekuwa na Sera ya Maendeleo ya Michezo tangu mwaka 1995. Chini ya mfumo huo, Shirikisho la Mpira wa Kikapu Tanzania (TBF) na vyama vya mikoa ndivyo vilivyo karibu zaidi na mwamuzi, na Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, kilichopo wilayani Kwimba mkoani Mwanza, kimekuwa kikiwaandaa wataalamu wa michezo. Kinachohitajika si chombo kipya bali ni kurefusha mkono wa vyombo hivyo uvuke siku ya kutoa vyeti.

Hatua ya kwanza ni kumpa kila mwamuzi mpya mlezi anayejulikana kwa jina. Mlezi huyo apangwe naye katika michezo ya mwanzo, na asipokuwa naye uwanjani akae kando akiandika mambo matatu ya kurekebisha, si ishirini. Mazungumzo ya robo saa baada ya mchezo hugharimu kidogo kuliko kozi nyingine na hufundisha zaidi. Simu ya mkononi inayolalamikiwa kwa kusambaza makosa ya waamuzi inaweza kutumika pia kuwarekodi ili wajitazame wenyewe.

Hatua ya pili ni kupanga michezo kwa ngazi. Mwamuzi aanze na shule na vijana wadogo, kisha mchezo wa watatu kwa watatu, ambao huchezwa nusu uwanja kwa dakika 10 au hadi timu moja ifikishe pointi 21. Mchezo huo una kasi kubwa na migongano mingi katika eneo dogo, hivyo humpa mwamuzi maamuzi mengi kwa muda mfupi. Walimu wa michezo wanaosimamia UMISSETA ni hazina nyingine: wanazijua tabia za vijana na wanapatikana katika kila mkoa.

Hatua ya tatu ni kumtambulisha mwanafunzi kuwa ni mwanafunzi. Katika baadhi ya ligi za mitaa nchini Australia, waamuzi wanaoanza huvalishwa fulana za kijani ili kocha na mzazi wajue kuwa aliye mbele yao bado anajifunza. Fulana haibadili uamuzi, lakini hubadili sauti ya anayeupinga. Jambo hilo halihitaji bajeti kubwa wala kanuni mpya.

Hatua ya nne ni ulinzi. Mwenyeji wa mchezo awajibike kumfikisha mwamuzi salama nje ya uwanja. Taarifa ya mwamuzi kuhusu matusi au vitisho ijibiwe, na ajue imeishia wapi, kwa kuwa taarifa isiyojibiwa humfundisha kutoandika nyingine. Klabu nazo zina wajibu wa kuwaelimisha makocha na wachezaji wao kuhusu mabadiliko ya kanuni, kwani malalamiko mengi hutokana na kanuni ambayo mlalamikaji haijui.

Hakuna hatua kati ya hizo itakayoondoa makosa. Mwamuzi mzuri hukosea, hukiri kwa mwenzake wakati wa mapumziko, na huingia robo inayofuata bila ya kujaribu kulipa fidia kwa uamuzi wa upande wa pili. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kinachotenganisha mwamuzi anayekua na anayeacha ni kama palikuwa na mtu wa kumweleza hivyo baada ya mchezo wake mbaya wa kwanza.

Watanzania wanalikumbuka kwa fahari jina la Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam aliyechaguliwa wa pili kwa jumla na Memphis Grizzlies katika usajili wa wachezaji wapya wa NBA mwaka 2009. Ni wachache wanaoweza kumtaja mtu aliyeshika kipenga katika michezo yake ya kwanza. Bila shaka mtu huyo alikuwepo, katika uwanja wa saruji, akihesabu hatua na kunyanyua ngumi. Mkono mmoja haulei mwana, na mchezaji anayefuata wa kiwango hicho atahitaji mikono mingi, ukiwemo wa mwamuzi ambaye leo anachezesha mchezo wake wa tatu na hajaamua bado kama atarudi kwa wa nne.